Pilipili na bangi ndani ya molekuli moja: niliyowaambia wanafunzi Dodoma

Haya ni maneno niliyoongea hapa Dodoma mbele ya wanafunzi wa famasi na uuguzi, walikuwepo pia wazazi na wazee wa mtaa, nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, nimepunguza tu pale nilipojirudia.

Shikamooni wazee wangu, na nyie wadogo zangu habari za mchana. Niliombwa niongelee dawa za maumivu kwa ujumla lakini nimeona nikifanya hivyo nitagusa kila kitu na hamtaondoka na chochote, kwa hiyo leo naongelea kemikali moja tu inaitwa arvanili. Haiuzwi kwenye famasi yoyote, daktari hawezi kukuandikia, watu waliitengeneza maabara na mpaka leo inaishi maabara. Ila ukiifuatilia hii kitu vizuri utaelewa kwanini zile klipu zinazozunguka WhatsApp, mara pilipili inaua kansa, mara bangi inatibu kila ugonjwa, zimeruka hatua nyingi sana, na hatua zilizorukwa ndo zile zinazoweza kumuumiza mtu.

Tuanze na pilipili maana hiyo wote tunaijua. Ukienda mnadani ukala nyama choma na kachumbari yenye pilipili kichaa, mdomo unawaka, jasho linatoka, unatafuta maji ya baridi. Lakini mdomo haujaungua, ukiupima joto lake ni lile lile. Kinachokudanganya ni kemikali inaitwa kapsaisini. Mwaka 1997 maabara ya David Julius kule California walipata kipokezi chenyewe ambacho kapsaisini inakishika, kipo kwenye ncha za neva za maumivu, siku hizi kinaitwa TRPV1, zamani waliita kipokezi cha vaniloidi, yaani cha kemikali za jamii ya kapsaisini. Na wakakuta kipokezi hicho hicho kinafunguka kwa joto likizidi kama nyuzi 43 hivi, na kinafunguka pia kwenye asidi. Yaani ni mlango kabisa, uko kwenye utando wa nje wa seli ya neva, ukifunguka kalsiamu na sodiamu zinaingia ndani na neva inapiga kelele kwenye ubongo kwamba huku kuna moto. Ubongo hauwezi kujua aliyefungua ni moto wa kweli au pilipili. Julius alipata Nobel ya tiba mwaka 2021, pamoja na Ardem Patapoutian aliyefanya kazi ya vipokezi vya mguso.

Hapa nilisimama kidogo nikawauliza wale wanaofuga kuku wa kienyeji, mmeshaona kuku anadonoa pilipili shambani? Wakaitikia wengi. Kuku anazo neva za maumivu na anao huo mlango, moto anausikia kama sisi, ila mlango wake umejengwa tofauti kidogo sehemu ile ambayo kapsaisini inajishikiza, kwa hiyo kwake pilipili ni tunda tu, anakula na mbegu anaenda kuzitupa mbali zikaote. Nalisema hili mapema maana litarudi: tofauti ndogo ya umbo la kipokezi inatosha kufanya kemikali kali kwako isimguse mwingine kabisa, na mnyama wa maabara naye ni mwingine.

Jambo la pili kuhusu pilipili, na hili wapishi wanalijua bila kwenda chuo. Ukizoea unaacha kuisikia. Kuna mwanasayansi wa Hungaria, Jancsó, tangu miaka ya 1940 aliona kwamba mnyama akipewa kapsaisini nyingi anapoteza uwezo wa kusikia aina fulani za maumivu. Mlango ukifunguliwa sana unafika mahali haufunguki tena, na ncha yenyewe ya neva inaweza kurudi nyuma kwa muda. Ndo maana leo kuna plasta yenye kapsaisini asilimia 8, Marekani waliipitisha mwaka 2009, inawekwa kwa wale ambao mkanda wa jeshi umepona lakini maumivu yamebaki. Inaunguza kwanza halafu inatuliza. Ukiniuliza mimi, ni moja ya habari nzuri zaidi kwenye famakolojia yote, yaani elimu ya dawa, kwamba kitu kile kile kinachowasha maumivu kinaweza kuyazima kwa miezi.

Sasa tuhamie upande wa bangi. Naomba tuelewane kabla sijaendelea, bangi hapa kwetu ni kosa kisheria, sheria ya mwaka 2015 iko wazi, na mimi sijaja kuitetea. Vijana wanaoitumia sana na mapema wanajiweka kwenye hatari ya kuchanganyikiwa akili, tunaishi mji wenye hospitali ya Mirembe, hakuna haja ya kuwaelezea. Nataka tu mjue inafanyaje kazi. Mwaka 1964 Raphael Mechoulam na mwenzake Yechiel Gaoni kule Israeli walipata kemikali yenyewe inayolewesha, THC. Watu wakajiuliza miaka mingi inashika wapi, mpaka mwaka 1988 Allyn Howlett na William Devane wakaonyesha kuna kipokezi chake kwenye ubongo, baadaye kikaitwa CB1, na mwaka 1993 kikapatikana cha pili, CB2, hicho kipo zaidi kwenye seli za kinga ya mwili. Swali likawa, kwanini ubongo wa mtu uwe na kipokezi cha bangi wakati hajazaliwa na bangi? Jibu lilikuja 1992, Devane huyo huyo pamoja na Mechoulam na Lumír Hanuš walichukua ubongo wa nguruwe wakatoa mafuta ndani yake, wakakuta molekuli ambayo mwili wenyewe unaitengeneza, anandamidi. Mimi na wewe tunayo muda huu tunavyoongea.

CB1 inafanya kazi kinyume kabisa na ule mlango wa pilipili. TRPV1 ikishikwa, kalsiamu inaingia na neva inaamka. CB1 ikishikwa, njia za kalsiamu kwenye mwisho wa neva zinabanwa na neva inapunguza kutoa ujumbe, inatulia. Mmoja anaamsha, mwingine anatuliza. Sasa shikeni hapo hapo.

Mwaka 1999 Zygmunt na Högestätt kule Sweden, na wenzao, walitoa kazi iliyowashangaza wengi, kwamba anandamidi, hii hii ya mwili inayoshika CB1, inashika pia TRPV1. Siyo kwa nguvu kama kapsaisini, lakini inashika. Yaani mwili una molekuli moja inayoweza kutuliza na kuamsha, inategemea iko wapi, ni kiasi gani, na neva yenyewe iko kwenye hali gani. Ukizitazama kwa umbo unaelewa kwanini. Kapsaisini ina kichwa na mkia, anandamidi nayo ina kichwa na mkia, mkia wa anandamidi ni mrefu, ni wa asidi ya arakidoniki yenye kaboni 20, na mkia wa kapsaisini ni mfupi.

Basi mwaka huo huo kundi la Vincenzo Di Marzo kule Italia likafanya kitu ambacho ukikisikia unasema mbona hakuna aliyewaza kabla. Wakachukua kichwa cha pilipili wakakiunga na mkia wa anandamidi. Hiyo ndo arvanili. Na kweli ikashika pande zote mbili, ikafungua TRPV1 vizuri sana, ikashika CB1 kiasi, na juu ya hapo ikazuia anandamidi ya mwili isiingizwe kirahisi ndani ya seli ili ikavunjwe, kwa hiyo anandamidi ya kwako inakaa muda mrefu zaidi. Na haiwashi kama pilipili, maana ule mkia mrefu wa mafuta unaifanya ifike taratibu, mlango unafunguka polepole badala ya kufunguka kwa kishindo.

Ukisikia hivyo unawaza tayari tumepata dawa, siyo? Inatuliza kwa njia ya bangi na inachosha neva ya maumivu kwa njia ya pilipili, na haiwashi. Na mimi nilivyoisoma mara ya kwanza niliwaza hivyo hivyo, kwenye karatasi inapendeza sana. Sasa njooni tuone panya wanasemaje, na hapa nitakaa sana maana ndo penyewe.

Kuna vipimo vinne ambavyo Billy Martin na watu wake kule Virginia, Marekani, walivizoea kuwapima panya wadogo waliopewa kitu cha jamii ya bangi. Unamwangalia panya anatembea kiasi gani, unampima joto la mwili, unamweka mahali uone kama anaganda pale pale bila kusogea, na unaugusisha mkia wake kwenye joto uone anachukua muda gani kuuondoa. Kitu cha jamii ya bangi kinafanya vyote vinne: anapunguza kutembea, anapoa, anaganda, anachelewa kusikia maumivu. Mwaka 2000 Di Marzo na Martin na wenzao wakaipima arvanili kwa njia hiyo. Ikafanya vyote vinne, na kwa nguvu kama mara 100 kuliko anandamidi. Mara 100! Ukiishia hapo unaandika kichwa cha habari, bangi mpya ya maabara ina nguvu mara 100.

Lakini wao hawakuishia hapo. Wakachukua kemikali nyingine ambayo kazi yake ni kukaa kwenye CB1 na kuiziba, kama THC ndo imempoza panya ukimpa hiyo kizuizi panya anarudi kawaida. Wakawapa panya kizuizi halafu wakawapa arvanili. Panya wakaganda vile vile, wakapoa vile vile. Kizuizi hakikusaidia. Maana yake ni nini? Maana yake dalili zote nne za bangi zimetokea na CB1 haikuhusika, au angalau siyo yeye aliyebeba mzigo. Kwa macho ungeapa ni bangi. Unaona hatari ya kusema "inafanya kama bangi kwa hiyo ni bangi"? Kapsaisini nayo ikimwingia mnyama inampoza, kwa hiyo panya aliyepoa anaweza kuwa amepitia njia tofauti kabisa na unavyodhani.

Mwanafunzi mmoja akanikatisha hapo, na nilifurahi, akasema basi si ni TRPV1, tumalize. Ni swali zuri na wengi walidhani hivyo. Ila tazama kazi nyingine ya mwaka 2002. Kulikuwa na panya waliofanywa wawe na ugonjwa unaofanana na multipol sklerosisi, ule ambao kinga ya mwili inashambulia kifuniko cha neva mpaka misuli inakakamaa, na kulikuwa na wanyama wengine waliosababishiwa maumivu yanayodumu. Arvanili ikalegeza ile misuli iliyokakamaa na ikapunguza maumivu. Vizuri sana. Wakatafuta imepita wapi, na ushahidi waliokuta unaonyesha sehemu ya kazi imefanyika mahali tofauti na TRPV1, tofauti na CB1, tofauti na CB2. Nirudie kwa wale wa nyuma, molekuli iliyojengwa kwa makusudi ishike vipokezi viwili, ikafanya kazi nzuri, na kazi hiyo haielezeki yote kwa vipokezi hivyo. Na siyo arvanili peke yake, hata anandamidi ya mwili ukimpa panya aliyezaliwa hana CB1 kabisa bado inamfanyia mambo.

Kwangu mimi hili ndo la kuondoka nalo. Jina la kipokezi siyo maelezo ya dawa. Mtu anaweza kuchora picha nzuri ya molekuli inaingia kwenye kipokezi na bado asijue kitakachotokea kwa mnyama mzima, mpaka afanye ile kazi ya kuchosha ya kuziba njia moja moja na kuangalia nini kimebaki.

Mengine nitapita haraka. Panya wachanga walioumizwa ubongo kwa makusudi, arvanili ilipunguza uharibifu, na vipokezi vya vaniloidi vilihusika, hiyo ni 2003. Panya wenye hali inayofanana na ugonjwa wa Huntington, ule wa mwili kuchezacheza wenyewe, arvanili ilipunguza kule kucheza, hiyo 2005. Na ndiyo, kuna saratani. Tangu mwanzo kabisa ilionekana inazuia seli za saratani ya matiti zisiongezeke zikiwa kwenye sahani ya maabara. Halafu mwaka 2012 watafiti wa Ujerumani wakaonyesha jambo zito zaidi, kwamba ubongo mchanga una seli zinazotoa molekuli za jamii ya vaniloidi, zile molekuli zinafungua TRPV1 kwenye seli za uvimbe mbaya wa ubongo na uvimbe unakufa, na panya waliopandikizwa uvimbe wakipewa arvanili waliishi muda mrefu zaidi.

Najua sentensi hiyo ya mwisho ndo itakayokatwa na kurushwa kwenye magrupu. Kwa hiyo naomba mama zangu mlioko hapa mnisikilize. Hakuna pilipili iliyotumika pale. Hakuna bangi iliyotumika pale. Ni kemikali safi, kwa kipimo, ndani ya panya. Mgonjwa wa saratani akiacha kwenda kliniki kwa sababu ya klipu ya pilipili, anapoteza miezi ambayo uvimbe ungeweza kutolewa ukiwa mdogo. Na hili linaniuma kwa kweli, maana wanaorusha hizo klipu mara nyingi ni ndugu wanaompenda mgonjwa.

Tena panya yule yule aliyepunguziwa maumivu ndo aliyepoa na kuganda. Yalikuja pamoja, na hilo ni tatizo. Hata ukienda upande wa pili, ukaamua kuufunga mlango wa TRPV1 badala ya kuufungua, mwili unakujibu. Kulikuwa na dawa moja ya majaribio inaitwa AMG 517, inaziba TRPV1, watu walitegemea itaondoa maumivu tu, kumbe ule mlango unahusika na kupanga joto la mwili mzima, watu waliopewa joto likapanda mpaka wengine wakafika kama nyuzi 40 na jaribio likasimamishwa. Na mwaka 2016, mwezi wa kwanza, huko Rennes Ufaransa, dawa iliyotakiwa kuzuia kimeng'enya, yaani protini ya mwili, kinachovunja anandamidi ilijaribiwa kwa watu wazima wenye afya, sita wakalazwa, mmoja akafariki. Uchunguzi uliotoka mwaka uliofuata ulionyesha ile dawa ilikuwa inagusa vimeng'enya vingine ambavyo haikutakiwa kuvigusa. Ni somo lile lile la panya wa mwaka 2000, ila hapa aliyelipa ni binadamu, mtu mwenye familia, aliyejitolea.

Mzee mmoja akauliza, sasa mwanangu, hayo yote yanatuhusu nini sisi huku? Nikamwambia mzee, kichwa kikikuuma unameza nini? Akasema Panadol. Basi iko hivi. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani walitoa kazi kuhusu kemikali ya maabara inaitwa AM404, kwa ajili ya kuchunguza jinsi anandamidi inavyoingizwa kwenye seli, nayo ni ya familia moja na arvanili, mkia ule ule wa arakidoniki, inazuia anandamidi isiondolewe na inafungua TRPV1. Walidhani ni kitu cha maabara tu. Mwaka 2005 wale wale wa Sweden, Högestätt na Zygmunt na wenzao, wakawapa panya parasetamoli, ile dawa iliyo ndani ya Panadol, halafu wakaangalia kwenye ubongo na uti wa mgongo. Wakaikuta AM404 imo ndani. Parasetamoli inaondolewa kipande kimoja, kilichobaki kinafika kwenye ubongo, na kule kimeng'enya kile kile cha anandamidi kinakiunga na asidi ya arakidoniki. Baadaye imeonekana na kwenye maji ya uti wa mgongo ya binadamu waliopewa parasetamoli. Kwa hiyo kidonge ambacho kila nyumba Dodoma inacho kwenye droo, sehemu ya kazi yake inaelekea kupitia huku huku kwa hivi vipokezi vya pilipili na bangi. Ukumbi mzima ulinyamaza kidogo hapo halafu wakaanza kuongea wote pamoja.

Kabla hamjaanza kusema Panadol ni bangi, hapana, haileweshi, kiasi kinachotengenezwa ni kidogo. Na mtu mzima mwenye afya asizidishe gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, maana ikizidi inaua ini, na wengi wanazidisha bila kujua kwa sababu wanameza Panadol na dawa ya mafua yenye parasetamoli ndani yake siku hiyo hiyo. Wauguzi, mkimpokea mtu mwenye homa ulizeni kila alichomeza, hata kile alichonunua dukani.

Kuhusu arvanili yenyewe, dada mmoja wa mwaka wa tatu aliuliza kama itafika famasi. Nilimjibu nionavyo mimi, kwa umbo lile ilivyo sidhani, ina njia nyingi mno na inampoza mnyama. Ila itaendelea kutumika kama chombo cha kuulizia maswali, na swali kubwa liko wazi kabisa, ile sehemu ya kazi iliyobaki baada ya kuziba CB1, CB2 na TRPV1 inafanyika wapi? Kuipata unahitaji panya wasio na hivyo vipokezi, vizuizi vilivyo safi, na mtu mwenye uvumilivu wa kurudia kipimo kile kile cha mkia na joto asubuhi mpaka jioni. Akasema yeye angependa hiyo kazi. Nikamwambia aanze kwa kusoma ile kazi ya mwaka 2000 na ya 2002 bega kwa bega, aandike kwenye daftari kila njia iliyozibwa na kila dalili iliyobaki, halafu wiki ijayo aje nayo ofisini tuipitie pamoja.